Kadi Niliyoifunga kwenye Kikwembe

Mwamini, muke mwenzangu,

Sijakuandikia tangu tukuzike, na usifikiri ni kusahau. Ningekuandikia nini? Kwamba muchele umepanda bei? Kwamba bwana yetu anakoroma vilevile? Leo nina neno. Maandishi yangu unayajua, yanapanda mulima na kushuka, lakini utayafuata. Kaa vizuri huko uliko, na usinikate maneno kama zamani. Leo mimi ndiye ninasema na wewe huna namna ya kunijibu. Hiyo peke yake imenipa raha kidogo, Mungu anisamehe.

Riziki amemaliza staji.

Wacha niandike tena nione namna inakaa kwenye karatasi: Riziki amemaliza staji. Mutoto wako. Mutoto wangu. Yule waliyesema pale matangani, maiti yako bado iko ndani, kwamba nitamupa maji ya kuoshea vyungu anywe. Nilisikia, Mwamini. Nilikuwa kwenye mukeka, nimemupakata, anajua tu kwamba watu wamejaa nyumbani na hakuna anayemupa chakula. Wifi yetu Zena akamwambia jirani yake, na hata hakushusha sauti: "Mutoto wa muke mwenza, huyu! Huyu atakonda." Basi waje wamutazame leo. Amenipita kwa urefu. Mashavu yako anayo yote mawili.

Staji ni hivi. Mutoto wa chuo akikaribia kumaliza, wanamutuma akafanye kazi mahali pa watu, aonyeshe kama yale ya daftari yanaingia mikononi. Mwenye kazi akitia sahihi, unaendelea. Asipotia, unarudia mwaka muzima. Wenzake walitafuta maofisi, wakakaa kwenye kivuli kupanga makaratasi. Yeye akachagua nyumba ya video ya Patron Janvier, kile chumba na nusu nyuma ya soko. Hukumukuta huyo patron, alikuja toka Bukavu wakati wewe umeshaenda. Ana kamera, ana jenereta inayokohoa, ana vijana wa kupiga picha harusi, mahari na matanga. Na mulangoni ameweka televizyo kubwa inayotazama barabara. Kila harusi akiimaliza, anakata kile kipande kitamu anakirusha pale, ili wapitaji wasimame. Na wanasimama! Motari wote wanaongojea abiria wanaegemea pikipiki zao pale, wanatazama mabibi harusi wa Kasongo tangu asubuhi mpaka jenereta inyamaze. Hiyo televizyo iweke kichwani, nitairudia.

Nilimuuliza kwa nini video. Nilitaka awe na ofisi, na mimi nipite na beseni langu la mawese nimuone dirishani. Akanijibu anachambua majani ya sombe, hata hakuinua uso: "Mama, ya Mama Mwamini tuko na picha moja tu, ile ya karte ya uchaguzi. Ndani yake hatembei."

Nikaenda kutazama moto. Moto ulikuwa unawaka vizuri tu.

Basi akaanza. Mwanzo hawakumupa kamera. Alifagia, alichaji betri, na kwenye harusi alishika taa. Wewe ungesema wanamuonea. Mimi nilisema tofauti. Nilisimama nje kwenye harusi ya watu ambao hata hawakunialika, nikamwambia kila aliye karibu: "Munamuona yule anashika taa? Wangu yule. Akiishusha, bibi harusi anakuwa giza, na ile dhahabu yote waliyoazima haionekani." Mama mumoja akaniomba ninyamaze. Sikunyamaza.

Zena akaja nyumbani. Unamujua, anaingia kabla ya hodi kuisha. "Mama Shabani," akasema, "musichana anasimama kati ya wanaume na taa mukononi. Nani ataoa huyo?"

"Atakayemuoa tutamuona vizuri," nikamujibu. "Taa iko."

Alikunywa chai yangu, akaondoka amekasirika, na sukari alitia nyingi.

Sasa sikia Mungu anavyofanya mambo yake. Haikupita miezi, Aziza wa huyo huyo Zena akapata muchumba, kijana wa Kabambare, mwenye duka. Harusi ikapangwa hapa Kasongo. Na mama mukwe wetu kule Wamaza akaleta ujumbe. Hawezi tena kupanda pikipiki, barabara ile ingemuvunja mifupa yote kabla ya kufika. Lakini anataka kuona mujukuu wake akichezewa ndani. Wewe unakumbuka, yeye ndiye alikuwa akiongoza wanawake ndani. Akasema: ile ya nje, ya suti na keki, mukae nayo. Mimi muniletee ile ya ndani.

Ya ndani! Mulango umefungwa, bibi harusi yuko katikati, wamama wanamufundisha kwa ngoma yale ambayo hayafundishwi kwa mudomo. Ni kijana gani wa Patron Janvier ataingia na kamera mule? Angetoka na kichwa chake mukononi.

Basi nani alikuja kwangu? Na safari hii alipiga hodi akangoja.

"Mama Shabani, yule mutoto wako..."

"Yupi? Yule ambaye hataolewa?"

"Wee, acha maneno. Anajua kamera?"

Nikamuacha asimame kidogo pale juani. Kidogo tu. Ningemuacha zaidi, lakini nilikuwa na haraka ya kusema ndiyo.

Siku yenyewe, mulangoni, wamama wakubwa wakakataa. Musichana ambaye hajaolewa haingii, ndio desturi, na wewe na mimi tuliwafukuza wengi. Ubishi ukawaka, bibi harusi ananyauka ndani kwa joto. Nikapasua katikati yao: "Jamani, huyu anaangalia wapi? Jicho moja liko kwenye kamera, na lile lingine analifunga. Ni kamera ndiyo inaingia!" Wakacheka, na ukishawachekesha wale, wamekwisha. Lakini bibi mumoja, mukubwa kuliko wote, hakucheka sana. Akamushika Riziki kifundo cha mukono. "Mutoto, nimecheza humu miaka yote na hakuna mwanaume aliyeniona. Kile kitu chako kikinitoa nje, nitakulaani." Na Riziki akaapa mbele yetu sote. Hakuna mwanaume atakayeona. Hata mumoja. Aliapa akiniangalia mimi.

Mwamini, ungekuwepo! Zena alicheza! Yule yule wa heshima na adabu, sijui viuno vile alikuwa amevifungia wapi miaka yote. Na bibi wa laana ndiye alikuwa mubaya kuliko wote, nakwambia.

Halafu Riziki akaniita kwa kichwa tu, hivi. Kabla ya siku hiyo alikuwa ameniuliza: Mama, Mama Mwamini alikuwa anacheza namna gani? Na mimi nilijaribu kumweleza kwa maneno, bega hili, shingo ile, kikombe cha chai kichwani na hakimwagiki. Maneno hayachezi. Sasa akaniita, na nikaelewa anataka nini.

Nikaomba kikombe.

Wanawake wakasogea nyuma kunipa nafasi. Wote waliujua ule muchezo wako, na tangu ufe hakuna aliyeugusa. Nikakiweka kichwani. Nilikuwa nimejifunga kile kikwembe chetu cha kitenge. Unakumbuka, bwana yetu alirudi toka Salamabila na kikwembe kimoja, na sisi wake zake tuko wawili, akaanza kuchezea kofia yake? Mimi nikasema ni changu, wewe ukasema ni chako, majirani wakatoka kusikiliza. Ukaingia ndani ukaleta kisu, ukakikata katikati mbele ya macho yake. Nusu haikumuzunguka mutu yeyote kati yetu! Tulishinda hivyo siku nzima, mapaja nje, tunapika, tunacheka, na yeye hakujua aingie nyumba gani. Ulipokufa nilishona zile nusu mbili pamoja. Muvao wangu wa sikukuu ndio huo.

Nikaanza na bega, kama wewe. Nikashuka mpaka chini, kama wewe, nikapanda. Magoti yangu yalipiga kelele kuliko ngoma. Kikombe kilikaa. Na nyuma ya kamera mabega ya Riziki yalikuwa yanapanda na kushuka, na nikawaza, hizi picha zitakuwa zinatikisika.

Kesho yake Patron Janvier akaomba kadi. Ndani ya kamera kuna kitu kidogo cheusi, kama ukucha wa kidole gumba, na picha zote zinakaa humo. Riziki alikuwa na kadi mbili. Ya nje akamupa. Ya ndani alikuwa ameniletea mimi, na mimi nikaifunga kwenye pembe ya kikwembe, fundo juu ya fundo. Sikukivua. Nililala nacho.

Patron akamwambia: "Kadi yangu iko wapi?" Riziki akamweleza kiapo. Akamuomba amuachie kompyuta siku moja tu, afanye montaji peke yake, yaani akate na kuunga zile picha mwenyewe, kisha afute kadi na kumurudishia. Patron akacheka. "Mutoto wa staji hagusi kompyuta. Hapa montaji ninafanya mimi. Na kile cha ndani hakuna aliye nacho muji huu, kile ndicho nitaweka mulangoni." Akamwambia tena: "Kadi kesho, ama staji imekwisha na sahihi hakuna."

Mutoto akarudi nyumbani uso umemushuka. Nikamuuliza mara moja tu: "Unataka nimupe?" Akasema: "Mama, nikirudia mwaka, utalipa tena chuo." Nikamwambia: "Sikukuuliza habari ya chuo." Akafikiri. Akasema: "Hapana. Usimupe."

Mwamini, hapo ndipo nilijua nimekulelea vizuri.

Patron akaja mwenyewe. Alikuja na adabu, siwezi kumusingizia, akavua kofia, akamuamkia bwana yetu. "Muzee, kamera ni yangu, kadi ni yangu, kazi ni yangu." Na ni kweli, vyote ni vyake. Bwana yetu unamujua, ugomvi unamupa homa. Akaniangalia. "Mama Shabani, si umupe tu, mambo yaishe?"

Nikamuinamia sikioni: "Ndani ya hii kadi dada yako anacheza. Unataka motari wote wa soko wamuone?"

Rangi ikamubadilika. Halafu akasema polepole: "Ficha."

Nikamugeukia patron nikamwambia yote mara moja: "Kadi iko yako, baba. Lakini viuno vilivyo ndani iko vyetu. Ukijua namna ya kuchukua kadi na kuacha viuno, mulango uko wazi."

Akaondoka na kusema sahihi tusiote. Jirani akaniambia nimeua masomo ya mutoto kwa kiburi changu. Watu wakaanza tena yale yao: si muliona, mama wa kambo ni mama wa kambo. Mimi! Niliwajibu pale pale barabarani, na majibu yenyewe sitakuandikia, wewe sasa uko mahali pasafi.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Zena. Sikumuomba kitu. Nilimwambia tu mahali ile televizyo inapokaa, na nani wanaitazama, na kwamba patron anazitaka picha. Alichukua kigoda chake hata kabla sijamaliza. Tukamupitia bibi wa laana, naye akabebewa cha kwake. Tukaenda mpaka kwa patron, tukapanga vigoda vyetu mbele ya televizyo, karibu kabisa, tukakaa. Motari hawakuona tena kitu isipokuwa migongo yetu.

Tukaanza kutazama. Na kusema. Kwa sauti.

"Huyu bwana harusi, ile suti ni ya shemeji yake, tazama mikono."

"Yule anayelia? Halii furaha yule."

"Na hawa waliachana kabla wali haujapoa."

"Eeh, na mama yake huyu alikula pilau ya watu akabeba na sahani."

Watu wakajaa kutusikiliza, wakaacha kutazama. Kijana mumoja alikuja kuandikisha harusi yake na muchumba wake, akasimama nyuma yetu, akasikia tunavyomaliza watu, akamushika yule binti mukono wakarudi walikotoka. Patron akatoka nje. "Wamama, munanifukuzia wateja!"

Zena hata hakugeuka. "Sisi tunaangalia tu, patron. Si umeiweka hapa watu waangalie?"

"Mutakaa mpaka lini?"

Bibi wa laana akamujibu: "Mimi nyumbani sina kazi."

Tulikula pale chakula cha muchana. Tulisali zamu kwa zamu, kigoda cha aliyeondoka kikibaki palepale. Jua lilipoanza kuegemea, patron akazima televizyo, akapangusa uso, akamuita Riziki, ambaye hakuacha kuja kazini na tangu asubuhi alikuwa anafagia pale ndani kana kwamba hatujui. "Fanya montaji yako. Funga mulango. Kisha mama yako aondoke hapa."

Nikafungua fundo kwa meno. Nilimukabidhi kadi kwenye kiganja, nikahamisha kigoda changu mpaka kwenye ule mulango nikakaa nao mugongoni mwangu. Alikaa humo ndani siku ile na siku iliyofuata. Alipotoka, kadi ilikuwa tupu, akamurudishia patron mwenyewe, na ile filamu akawa nayo kwenye fulashi shingoni, kama hirizi.

Tulikwenda Wamaza sisi wawili juu ya pikipiki moja, dereva mbele, mutoto katikati, mimi nyuma na jogoo wa mama mukwe. Tulishuka kwenye matope mara nyingi mpaka nikasahau rangi ya viatu vyangu. Riziki aliazima kompyuta ndogo ya mwenzake, akaifunga kwenye nailoni akaipakata kama mutoto muchanga. Tukawatoa wanaume wote nje ya nyumba. Mama mukwe macho yake sasa ni madogo, akasogezwa karibu mpaka pua inagusa.

Alimuona Aziza, akapiga kigelegele. Alimuona Zena, mutoto wake wa kumuzaa, akasema: "Huyu alijifunza wapi?" Halafu ikafika kile kikombe. Picha inatikisika kidogo, bega linaanza, na kile kikwembe. Mama mukwe akatazama mpaka mwisho. Akaweka kidole kwenye kioo, juu yangu, akasema:

"Mwamini amenenepa."

Hakuna aliyemurekebisha. Nani angemurekebisha? Riziki akaanza kucheka, halafu haikuwa kucheka tena, akaweka kichwa chake hapa mapajani pangu kama siku ya matanga. Mama mukwe akasema: "Rudisha. Rudisha nimuone tena." Tukarudisha. Tulirudisha mpaka betri ikafa.

Basi ndiyo hayo. Patron Janvier alitia sahihi. Kwenye karatasi ya chuo aliandika kwamba Riziki ana jicho zuri na mukono mutulivu, na chini, mahali pa tabia, akaandika: hana utii. Mutoto aliona haya kunionyesha. Mimi nilimuomba anisomee tena. Hana utii! Nimewasomea watu wote sokoni, na wakiniuliza ametoa wapi, nawaambia ana mama wawili, na hakuna hata mumoja aliyekuwa nao. Chuo kimemupitisha. Wamama wenye mabinti wanakuja kwangu, hawaendi kwa patron, wanauliza yule wa kuingia ndani ana nafasi lini. Patron naye sasa anamuita "binti yetu." Muongo yule. Lakini ameinunulia ile kompyuta pazia.

Na Zena bado anasema hataolewa. Mimi namwambia ngoja.

Ninamaliza, mwenzangu, sombe inaniita. Pumzika, usiwe na wasiwasi wa huku. Wakisema neno juu ya mutoto, mimi nipo, na mudomo wangu unaujua.

Ila kuna kitu wanawake hawakukiona siku ile, na kamera pia haikukiona, kwa sababu kilikuwa juu. Kile kikombe kilikuwa nusu. Mimi si wewe, niliogopa. Lakini siku ya Riziki, wakishafunga mulango na yeye amekaa pale katikati, nitakijaza mpaka kwenye ukingo. Nimeshaanza mazoezi, hapa jikoni, kwa maji. Nalowa kila siku. Nitaacha kulowa.

Ni mimi, muke mwenzako,
Mama Shabani, na Mama Riziki